Joto Linalotoka Nyuma

Nyie mnaonisimamisha njiani pale Kimisagara na kuniuliza, "Mama Claudine, kadi yangu ya picha ya kompyuta inachemka, niiwekee nini?", nimekuwa nikiwajibu kwa mkato kwa sababu nilikuwa na haraka. Sasa nimestaafu. Haraka sina, na magoti yangu hayataki tena ngazi za mtaa ule. Kaeni niwajibu kwa kirefu.

Kwanza, swali lenyewe limekaa upande. Kila kijana anayesukuma kadi yake ikimbie kuliko ilivyotoka kiwandani anataka kuongeza kitu: feni nyingine, pesti nyingine, bamba kubwa zaidi la kupooza. Wengi wenu mngepona kwa kuondoa kitu. Nitafika huko, ila lazima nipitie kwenye friji, maana mimi nilianzia kwenye friji.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Ramazani wa Rwezamenyo, fundi friji, mtu wa kofia iliyoshonwa kwa mkono na kicheko cha kuamsha mtaa. Alinipokea nilipofika Kigali kutoka Bukoba, mwanamke kijana mwenye bisibisi moja na mdomo mrefu. Siku ya kwanza alinionyesha friji mbili zilizokuwa zinawaka, akaniambia nimweleze ipi ni mbovu. Nikafungua milango, nikaingiza mkono huku, nikaingiza kule. Zote bado zilikuwa na ubaridi, wala sikujua kwamba wa moja ulikuwa ni wa jana. Akanishika bega akanizungusha hadi nyuma.

"Wewe unapapasa tumbo. Weka mkono kwa mgongo."

Mgongo wa moja ulikuwa wa moto, wa nyingine umepoa kama ukuta. Nikasema, kwa uhakika mkubwa, kwamba ile ya moto ndiyo mbovu. Mzee alicheka mpaka kofia ikadondoka.

"Iko kinyume, binti. Friji haitengenezi baridi. Inabeba joto ya ndani, inakuja kuitupa huku nyuma. Usipokuta joto hapa, ujue yote imebaki mule ndani."

Basi hiyo ndiyo elimu yangu yote. Yaliyofuata miaka mingi baadaye, na kompyuta zote nilizofungua, yalikuwa ni kurudia somo lile kwa bisibisi ndogo zaidi.

Msidhani Mzee mwenyewe alilikumbuka kila siku. Kompyuta zilipojaa mjini tukaanza kuzitengeneza pamoja na friji, na siku moja akaja kijana mmoja mwenye kadi iliyosukumwa sana, inazima kila akifungua mchezo wake. Mzee alijaa furaha. "Joto ni kazi yetu," akasema. Mnajua tulichofanya? Tulitoa rafu zote za friji moja, tukaiingiza kompyuta nzima mule ndani, tukapitisha nyaya kwenye mpira wa mlango. Kosa kama hilo wanaweza kulifanya mafundi friji tu, mtu mwingine yeyote angeona aibu.

Mwanzoni ilikuwa raha. Namba za joto kwenye skrini zilishuka, Mzee akawaita majirani waje waone. Lakini friji imetengenezwa kupoza kitu kilichotulia, nyama au maziwa, si kitu kinachozalisha joto jipya kila dakika. Mashine yake ikawa inanguruma bila kupumzika. Halafu jirani mmoja akataka kuona vizuri, akafungua mlango. Yalikuwa majira ya mvua, hewa imejaa unyevu, na chuma cha mule ndani kilikuwa baridi. Kadi ikaota umande kama chupa ya soda iliyotoka kwenye barafu. Tulisikia kitu kikilia "tsk", tukaona skrini nyeusi, na ule ukawa mwisho wake. Mzee alimtafutia kijana kadi nyingine, kisha akakaa kwenye kigoda chake na kofia magotini.

"Tumetengeneza baridi," akasema. "Hatukubeba joto."

Sasa nije kwenu. Nikifungua kadi zenu nakuta pesti imepakwa kama siagi kwenye mkate wa mgeni. Pesti haipoozi kitu, wanangu. Kazi yake ni kujaza mikwaruzo isiyoonekana kati ya chipu na bamba ili hewa isikae hapo katikati. Ikizidi, inakuwa blanketi. Weka kidogo kiasi cha punje ya mchele au mbili kufuatana na ukubwa wa chipu, kaza skrubu kwa kupishana pembe, kidogo hapa kidogo pale, ili bamba likae sawasawa.

Pia mnadanganywa na namba moja. Mnaangalia joto la chipu kubwa ya katikati, mkiona iko vizuri mnatamba. Pembeni yake kuna chipu za kumbukumbu, na kuna vile vipande vidogo vinavyogawa umeme, na kadi nyingi haziwaambii ninyi joto la hivyo. Ukisukuma kadi, hivyo ndivyo vinavyobeba mzigo. Vinapozwa na pedi laini za mpira zinazogusa bamba. Mtu anazibadilisha, anaweka nyembamba kuliko za mwanzo, basi hazigusi. Mwingine anaweka nene, sasa bamba limeinuliwa na halikai kwenye chipu kubwa. Fungeni, kisha fungueni tena mwangalie. Kila chipu lazima iwe imeacha alama yake kwenye pedi kama kidole kwenye unga uliokandwa. Pasipo na alama, hapakugusana.

Na tuko juu, msisahau. Mnajivuna kwamba Kigali hakuna joto, lakini hewa ya milimani ni nyepesi, na hewa nyepesi hubeba joto kidogo. Kijana anatazama video ya mtu anayeishi usawa wa bahari, ananakili namba zake zote, halafu ananiletea maiti. Punguzeni. Mkishafika pale kadi inaposimama imara, rudini nyuma kidogo. Kama inaruhusu, ipunguzieni umeme inaokula. Kadi inayokula kidogo ina joto kidogo la kubebwa.

Haya yote nilikuwa nayajua tayari siku msichana aitwaye Solange alipoingia karakanani kwangu. Mzee Ramazani alikuwa ameshafariki, Mungu amrehemu, na kigoda chake nilikuwa nakalia mimi. Solange alikuwa amevaa sare ya kazini, anafanya mapokezi kwenye ofisi moja mjini, na kadi yake alikuwa ameifunga kwenye taulo.

"Tantine, naomba usiniambie imekufa."

"Sijaigusa bado. Inafanya nini?"

"Inatoa madoa, pinki na kijani, halafu skrini inakuwa nyeusi. Niliisukuma, sikatai. Sina njia ingine."

Akanieleza. Alikuwa anatengeneza filamu ya katuni, peke yake, jioni baada ya kazi. Ni hadithi ya ng'ombe anayeitwa Gaju, ambaye bibi yake alimchunga alipokuwa msichana huko Karagwe, enzi familia yao inaishi ukimbizini Tanzania. Bibi alimlea Solange kwa hadithi za huyo ng'ombe. Sasa bibi alikuwa na presha ya macho. Macho yake yalikuwa yanafunga kutoka pembeni kuja katikati, na daktari alikuwa amesema wazi kwamba dawa ya matone inachelewesha tu, kilichokwisha kufunga hakifunguki.

"Anaona kama mtu anachungulia kwenye bomba," Solange akasema. "Na bomba iko inakuwa ndogo. Nataka amuone Gaju kabla haijafunga. Kila picha lazima kadi iipike, moja moja. Bila kuisukuma nitamaliza wakati haoni kitu."

Nilijibu kwamba nitaangalia. Alipotoka nilikaa na ile kadi mkononi. Kadi za michezo nimezitengeneza nyingi na sijawahi kuzililia. Hii nilitaka ipone.

Niliifungua nikakuta pedi zimekatwakatwa na mtu asiye na subira, nyembamba, nyingine hazijaacha hata alama. Nikaziweka upya, nikaweka pesti kwa adabu, nikapunguza umeme, nikaacha chipu kubwa isukumwe kiasi na kumbukumbu zisukumwe kidogo tu. Ikapika picha karakanani kutwa nzima bila kukohoa. Solange akaibeba akashukuru mpaka nikaona haya.

Baada ya siku chache akarudi. Inazima. Nikaijaribu, haizimi. Akaenda nayo, ikazima. Kwangu inafanya kazi, kwao Gatsata inakataa.

"Inazima saa gani?"

"Nikiwa kazini. Naiacha asubuhi inapika, nikirudi nakuta imelala. Jioni nikikaa nayo haina shida."

"Nyumbani anabaki nani?"

"Nyogokuru tu, bibi yangu. Na yeye haigusi, Tantine. Anaiogopa."

Nikamwambia nitakuja mwenyewe. Tulipanga Jumamosi ya umuganda, maana asubuhi hiyo kila mtu yuko kwenye kazi ya mtaa na karakana imefungwa. Kazi ya kwetu ilipokwisha nilifika barabara inapopanda juu ya Nyabugogo, mahali ambapo magari mazito yanatimua vumbi jekundu mpaka majani ya migomba yanabadilika rangi. Solange alikuwa bado kwenye mkutano wa mtaa. Aliyenifungulia ni Mukecuru Veneranda, bibi yake, mrefu, amenyooka, anageuza kichwa polepole kukutafuta kwa lile bomba lake.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Weye ni fundi? Mtoto iko kwenye inama, anakuja sasa hivi. Karibu, kaa."

Akanipa kikombe cha ikivuguto, maziwa mgando mazito. Nikakaa. Na pale nilipokaa nikasikia feni zinalia kama zinakimbizwa. Kwenye kona ya sebule, juu ya meza, mashine ya Solange ilikuwa imefunikwa kuanzia juu hadi chini, mbele na nyuma, kwa kitambaa cheupe kilichodariziwa maua pembezoni. Ninyi mliokulia nyumba za Kigali mnakijua kitambaa hicho. Kiko juu ya redio, juu ya televisheni, juu ya migongo ya viti. Kitu cha thamani hakiachwi wazi.

"Kitambaa kizuri, Mama," nikasema.

"Nilidarizi mwenyewe, zamani macho yakiwa mazima. Vumbi iko mingi hapa. Mtoto akienda kazi nafunika. Nikisikia amefungua geti natoa, ye anataka kuitumia. Kitu ya mtoto wangu siwezi kuacha uchi."

Wanangu, nimewahi kuwafokea wateja kwa makosa madogo kuliko hayo. Niliwahi kumwambia mtu mzima aende akafuge kuku. Siku hiyo sikuweza kufoka. Mwanamke yule alikuwa anapambana na vumbi kwa ajili ya mjukuu wake, na ndiye aliyekuwa akiizima filamu yake mwenyewe kila asubuhi. Ningemwambiaje?

Nikamsimulia Mzee Ramazani. Nilimpa hadithi ya friji mbili, tangu mlango hadi kofia kudondoka, na yeye akacheka vizuri, maana Tanzania aliwahi kuuza maziwa na friji anazijua. Kisha nikamuomba alete mkono. Nikainua kitambaa upande wa nyuma kidogo tu, nikauweka mkono wake pale hewa inapotokea. Joto lilimpiga, akaurudisha, kisha akauweka tena.

"Hii ndiyo mgongo yake?"

"Ndiyo, Mama. Inabeba joto inakuja kulitupa hapa."

Alisogeza vidole kwenye ile hewa. Nilimwona anafikiri, na nilijua amefika kabla hajasema.

"Basi ni mie namuziba pumzi."

"Ni vumbi, Mama. Vumbi nalo ni baya, hukukosea kuliogopa."

"Nilimuziba pumzi," akarudia, akakitoa kitambaa kile mwenyewe, akakikunja mara nyingi mpaka kikawa kidogo sana. "Usimwambie mtoto. Nitasema mie, nikipata mdomo."

Feni zilishusha sauti zenyewe tulipokuwa tumesimama pale. Tuliisikia wote wawili.

Nikamwambia kuna kazi mbili ambazo mimi siwezi kuzifanya nikiwa Kimisagara. Ya kwanza, upande wa mbele, hewa inapoingia, panahitajika wavu mwepesi wa kuzuia vumbi, kitambaa chepesi kama cha soksi ndefu za wanawake, kivutwe kwenye fremu, kioshwe kila wiki. Vidole vyake vilijua kushona bila macho. Ya pili, kila akipita aweke mkono pale nyuma. Kukiwa na joto na hewa inasukuma, mambo yako sawa. Hewa ikilegea, wavu umejaa, auoshe. Joto likikosekana na mashine inawaka, anipigie simu bila kungoja Solange.

Hakunipigia hata mara moja. Solange aliniambia baadaye kwamba mashine haikuzima tena, na kwamba hajui nilifanya nini, na kwamba siku hizi Nyogokuru amehamisha kiti chake karibu na meza ile na amekuwa mtu wa kutoa ripoti. "Leo inapumua vizuri." "Leo ilikuwa inachoka, nimeosha." Mimi nilinyamaza kama nilivyoombwa.

Filamu ilipoiva nilialikwa, Jumapili baada ya misa. Kabla haijaanza Mukecuru akasema mbele yetu, bila kuzunguka, habari ya kitambaa. Solange akanitazama mimi kwa jicho la kunidai maelezo, kisha akacheka akamkumbatia. Akamvutia kiti mpaka karibu kabisa na skrini ili aone vizuri, akawasha.

"Nyasi," Mukecuru akasema. "Naona nyasi tu. Na sasa kitu nyekundu."

Solange alisawijika. Nilimhurumia sana. Ni Mukecuru mwenyewe aliyeelewa.

"Nirudisheni nyuma. Kwa bomba, kitu kikiwa karibu unaona ngozi yake tu."

Tukamrudisha nyuma hatua kwa hatua hadi kiti kikagusa mlango. Pale mbali, picha nzima ikaingia ndani ya lile tundu lake. Solange akaanza upya. Mukecuru aliangalia mpaka mwisho bila kupepesa, mikono mapajani, na ng'ombe yule mwekundu akavuka mto, akazaa, akazeeka. Mimi nililia, na sioni aibu kusema.

Ilipoisha tukamngoja.

"Pembe," akasema.

"Pembe gani, Nyogokuru?"

"Ya kushoto. Gaju pembe yake ya kushoto ilikuwa inaangalia chini. Huyu zote zimeangalia juu. Ni ng'ombe mzuri, lakini ni mwingine."

Nilimkasirikia. Pembe ile ilikuwa kwenye karibu kila picha, na kurekebisha maana yake ni kupika karibu filamu nzima upya, kwa kadi ile ile iliyochoka, huku bomba linazidi kufunga. Solange alikuwa anafikiria hayo hayo.

"Na macho yako? Tukirudia, macho yatangoja?"

"Yasipongoja, basi. Mie Gaju nilishamuona. Nataka umuone weye."

Akainuka, akapapasa ukuta hadi kwenye meza, akaweka mkono nyuma ya mashine.

"Iko inatoa joto vizuri," akasema. "Pika tena."

Solange akanitazama mimi, fundi, kana kwamba neno la mwisho ni langu. Niliitikia kwa kichwa. Siku iliyofuata niliifungua kadi ile kwa mara nyingine, nikaisafisha, nikarudisha nyuma kidogo kiasi cha kuisukuma ili ifike salama ingawa polepole, na Mukecuru akarudi kwenye zamu yake.

Ilipoiva mara ya pili nilialikwa tena, lakini bomba lilikuwa limefunga. Alikuwa anatambua mwanga wa dirisha, basi. Solange hakutaka hata kuiwasha. Mukecuru akamwambia akae kwenye kile kiti cha mlangoni, aangalie yeye. Mwenyewe akakaa kwenye kona, mkono wake nyuma ya mashine, kwenye joto. Filamu ilikwenda hadi mwisho.

"Pembe ya kushoto ikoje?" akauliza.

"Inaangalia chini," Solange akasema.

"Basi umemuona."